Kikombe cha Nani?

Fungua resipe yoyote ya Kiswahili kwenye simu yako, uende moja kwa moja kwenye sehemu ya mahitaji. Unga wa ngano vikombe 4. Sukari nusu kikombe. Maziwa kikombe 1 na robo. Iliki kiasi. Mafuta ya kukaangia. Nimesoma resipe za aina hii kwa miaka, nyingine nikazipika na nyingine nikazisoma tu vile watu husoma hadithi, na swali langu huwa lile lile: kikombe cha nani? Kile cha chai cha wageni? Ile magi ya zawadi ya harusi? Au kile cha plastiki chenye mistari ubavuni? Mwandishi hasemi. Anadhani tunajua, na tusipojua ni shauri yetu.

Siku hizi kuna kundi la pili linalojibu swali hilo kwa ukali. Hawa nawaita watu wa mizani. Kwao kikombe ni ushamba, na mtu anayejiheshimu jikoni hupima kwa gramu. Wakikuhurumia wanakuwekea jedwali: kikombe cha unga ni gramu 120, cha sukari gramu 200, cha siagi gramu 227. Piga skrinishoti, hifadhi, maisha yaendelee.

Nataka kusoma makundi haya mawili jinsi tunavyosoma waandishi wengine, kwa sababu resipe ni maandishi. Ina mwandishi, ina msomaji, na ina ahadi: ukifanya hivi, utapata hivi. Riwaya ikikuvunja moyo umepoteza jioni moja. Resipe ikikuvunja moyo umepoteza paketi ya unga, mayai na gesi, na kama ulikuwa umechukua oda ya keki ya besdei ya Jumamosi, umempoteza na mteja. Kwa hivyo nitawahukumu kwa ahadi hiyo. Maoni yangu kwa ufupi: watu wa mizani wana haki, lakini kwa sababu ambayo wenyewe huitaja mara chache, lile jedwali lao ndilo andiko dhaifu kuliko yote, na neno "kiasi", ambalo kila mtu analicheka, limebeba maarifa ambayo gramu haziwezi kuyabeba.

Tuanze na jedwali. Kikombe hupima ujazo, yaani nafasi ambayo kitu kinachukua. Gramu hupima uzito. Waliotuzoesha vibaya ni maji. Lita 1 ya maji ina uzito wa kilo 1, basi tukadhani lita na kilo ni mapacha. Sio mapacha. Lita 1 ya mafuta ya kupikia ina gramu 920 hivi, ndiyo maana mafuta huelea juu ya supu. Kikombe cha Kimarekani, chenye mililita 237, kikijazwa maji kina gramu 237. Kikijazwa sukari nyeupe, gramu 200. Kikijazwa asali, kama 340. Hadi hapo jedwali linasaidia, kwa sababu vitu hivyo havina tabia ya kubadilika. Mimina maji kwa haraka au mimina polepole, kikombe ni kile kile.

Unga ndio wenye maneno. Unga una hewa ndani yake. Ukiuchekecha, hewa inaongezeka na kikombe kinakuwa chepesi. Ukitumbukiza kikombe ndani ya paketi iliyolaliwa na paketi nyingine kumi dukani, unga umeshikana na kikombe kinakuwa kizito. King Arthur, kampuni ya unga ya Marekani, huhesabu kikombe cha unga kuwa gramu 120. America's Test Kitchen, wapishi wa Marekani vilevile, huhesabu gramu 142. Nchi ni moja, kikombe ni kimoja, na hakuna anayedanganya. Wa kwanza wanatingua unga, wanaumwaga kikombeni kwa kijiko, halafu wanafuta juu. Wa pili wanachota kwa kikombe chenyewe, halafu wanafuta juu. Tofauti yote iko kwenye mkono.

Sasa ifanyie hesabu resipe ya chapati: unga vikombe 4, maji mililita 300. Kwa mkono wa kwanza unga ni gramu 480, kwa hivyo kila gramu 100 za unga zinapata gramu 62.5 za maji. Donge linakuwa laini, linanata kidogo, ukilipumzisha linakupa chapo ya kukunjika. Kwa mkono wa pili unga ni gramu 568, na kila gramu 100 zinapata maji gramu 53 hivi. Hapo unakanda mpaka bega linauma, na chapati zinakauka kama kadibodi kabla chai haijachemka. Maneno yaliyoandikwa ni yale yale, "unga vikombe 4". Wapishi wawili waaminifu wamefuata andiko moja na wametoka na vyakula viwili. Halafu kwenye maoni mmoja anaandika "imeweza sana" na mwingine anaandika "umetudanganya", na wote wawili wanasema kweli.

Hapo hatujagusa kikombe chenyewe. Kikombe cha Marekani ni mililita 237. Kile cha Australia, na cha seti nyingi za plastiki tunazouziwa, ni 250. Cha Japani ni 200. Kijiko kikubwa ni mililita 15 karibu kila mahali, lakini Australia ni 20. Mtu akichukua resipe ya Sydney, akaitafsiri kwa Kiswahili, akapima kwa kijiko cha Nairobi, ameacha robo ya kiungo njiani bila kujua kuna mahali alipita.

Na chumvi ndiyo hatari zaidi. Resipe nyingi za Marekani zinatumia chumvi ya chenga kubwa nyepesi inayoitwa kosher. Sisi tunatumia chumvi laini ya paketi. Kijiko kikubwa cha Diamond Crystal, aina inayopendwa na wapishi wengi wa huko, kina kama nusu ya uzito wa kijiko hicho hicho cha chumvi yetu. Mtafsiri akiandika "chumvi kijiko 1 kikubwa" bila kusema zaidi, ametuandikia chumvi mara mbili. Hakuna neno lililotafsiriwa vibaya katika sentensi hiyo. Kamusi ingempa alama zote. Kuku ndiye ataliwa na paka.

Ndiyo sababu nasema jedwali ni andiko dhaifu. Linavaa nguo za sayansi, lina nambari zilizonyooka kwenye safu, lakini limeficha kila kitu ambacho kingetusaidia: kikombe cha wapi, unga wa namna gani, umechotwa vipi. Mtu anayesema "kikombe kimoja na nusu hivi" angalau amekiri kwamba anakisia. Jedwali linakisia huku limekunja uso.

Inafaa kujua kikombe hiki kilikotoka, kwa sababu kilipozaliwa hakikuwa kitu cha kukisia. Mwaka wa 1896, Fannie Farmer, aliyekuwa mkuu wa shule ya upishi ya Boston, alichapisha kitabu chake, The Boston Cooking-School Cook Book. Alisisitiza vipimo vilivyosawazishwa: jaza kikombe, pitisha kisu juu yake, kinachozidi kiondoke. Kijiko vilevile. Kabla yake vitabu vingi vilizoea kusema siagi kama ukubwa wa yai, au unga wa kutosha. Farmer alitaka msichana wa Boston na msichana wa mji mwingine wapate keki moja. Kikombe chake kilikuwa chombo maalumu chenye kipimo kinachojulikana. Kwa maneno mengine, kikombe kilianza kazi kama mizani ya mtu asiye na mizani.

Kilichotufikia sisi ni jina bila chombo. Neno "cup" lilitafsiriwa kuwa "kikombe", na kikombe katika Kiswahili ni kitu cha kunywea chai. Kile kisu cha kufuta juu hakikuvuka bahari. Kwa hivyo nikisoma resipe ya Kiswahili inayosema "vikombe 4" naona tafsiri ambayo haijamaliza kazi yake.

Kinachoniuma ni kwamba lugha hii haikuwa na njaa ya vipimo. Pwani ilikuwa na kibaba, na kisaga ambacho ni vibaba viwili, na pishi ambayo ni vibaba vinne. Hivyo ni vipimo vya ujazo, vya nafaka. Kwa uzito kulikuwa na wakia, ratili, na frasila ya kupimia karafuu na pembe, karibu kilo 16. Mswahili wa sokoni alijua kwamba mchele hupimwa kwa pishi na karafuu kwa frasila, na hakuchanganya. Leo kibaba tunakikumbuka kwa methali tu, haba na haba, na watoto wengi wa Nairobi wanaoikariri shuleni hawajawahi kuulizwa kibaba kinaingia nini.

Pishi haijafa kabisa, na hapa ndipo nilipopata mfano bora wa kugeuza ujazo kuwa uzito katika Kiswahili. Haumo kwenye ukurasa wa mapishi. Kila mwisho wa Ramadhani Waislamu hutoa Zakatul-Fitri, na kipimo chake ni pishi moja ya chakula kinacholiwa mahali hapo, kwa kila mtu wa nyumba. Pishi hiyo ni tafsiri ya saa' ya Kiarabu, ambayo ni mudi nne, na mudi ni ujazo wa viganja viwili vya mtu wa kawaida vilivyokusanywa pamoja. Kipimo cha asili, basi, ni cha ujazo. Lakini dukani mchele unauzwa kwa kilo. Kwa hivyo kila mwaka swali linarudi: pishi ni kilo ngapi?

Sikiliza wanavyojibu wanaojibu vizuri. Hawasemi tu nambari. Wanasema: inategemea chakula, kwa sababu pishi ya mchele, ya ngano na ya tende hazilingani uzito. Halafu wanataja kadirio, mara nyingi kati ya kilo 2 na kilo 3, wengi kilo 2.5, na wengine wanashauri uzidishe hadi 3 ili uwe na hakika umetimiza. Ndani ya jibu fupi hilo kuna kila kitu ambacho jedwali la keki limekosa. Kipimo cha asili kimetajwa. Kitu kinachopimwa kimetajwa. Kosa linalowezekana limekubaliwa, na imeamuliwa liangukie upande gani: bora maskini apate zaidi kuliko apunjwe. Anayegeuza kipimo kwa namna hiyo anajua kwamba upande wa pili wa hesabu kuna mtu anayesubiri kula.

Na hapo ndipo watu wa mizani wanapokuwa na haki, ingawa wenyewe hupenda kuzungumzia keki za ghorofa tatu. Nenda sokoni. Mahindi na maharagwe yanapimwa kwa gorogoro, ule mkebe wa mafuta ya kilo 2. Mkebe uliobeba kilo 2 za mafuta haubebi kilo 2 za kila kitu. Ujaze mahindi, ujaze unga, ujaze omena, uzito ni mbalimbali, na wote tunauita "kilo mbili" kwa mazoea. Halafu kuna mkebe uliobonyezwa kitako kuelekea ndani, ambao kwa nje ni gorogoro kamili na kwa ndani umekula mahindi ya kiganja kizima. Anayenunua kwa kupima, mafuta ya bob ishirini, unga wa kutosha jioni moja, ndiye anayelipia hicho kitako. Wa supermarket ana paketi iliyoandikwa kilo 2, na kuna sheria nyuma ya maandishi hayo.

Au muulize mkulima wa viazi wa Nyandarua kuhusu lumbesa. Gunia linajazwa mpaka mdomoni, kisha linashonewa kilele cha wavu juu, na bei inabaki ya gunia moja. Gunia ni ujazo. Mwenye kuamua ukubwa wa gunia ndiye mwenye kuamua bei, na hajawahi kuwa mkulima. Kanuni za viazi za mwaka wa 2019 ziliweka kikomo cha kilo 50 kwa mfuko, na ugomvi uliofuata haukuwa wa hesabu. Ulikuwa ugomvi wa nani atashika mizani. Nikimsikia mtu akisema gramu ni mambo ya wazungu, namkumbuka mkulima huyo. Kwake gramu ni hela zake.

Afya nayo ina dau lake hapa. Mwaka wa 2018 Serikali ya Kenya na shirika la FAO walitoa kitabu kiitwacho Kenya Food Recipes, mkusanyiko wa vyakula vya jamii zetu pamoja na virutubishi vyake, kikaandamana na majedwali ya vyakula vya Kenya yanayohesabu kwa kila gramu 100. Najua si kitabu cha kusomea kitandani. Lakini nakipenda kwa sababu kimeuchukulia upishi wa nyumbani kama jambo la kuandikwa kwa makini, na kwa sababu kazi ya aina hiyo haiwezekani kwa neno "kiasi". Huwezi kukokotoa madini ya chuma kwenye sufuria ya mboga ikiwa hujui mboga zilikuwa na uzito gani. Mtu mwenye kisukari akiambiwa "kula ugali kiasi" hajaambiwa kitu, kwa sababu kiasi cha kaka yake anayebeba mawe mjengoni si kiasi chake.

Sasa nigeuke upande wa pili, kwa sababu nimeona watu wa mizani wakishangilia kupita kipimo.

Kuna upishi ambao hauhitaji gramu, na sababu yake ni ya kihesabu wala si ya kimapenzi. Chukua wali. Mchele kikombe 1, maji vikombe 2. Hapa swali langu la "kikombe cha nani" linakosa nguvu. Tumia kikombe cha wageni, tumia magi, tumia kopo la jamu, wali utaiva, kwa sababu andiko hilo halitaji ujazo wowote. Linataja uwiano. Chombo kimoja kinapima vyote viwili, na ukubwa wake unajifuta wenyewe. Mama zetu walipika kwa uwiano. Kikombe chao hakikuhitaji kufanana na cha jirani, kilihitaji kufanana na chenyewe kesho.

Uwiano huo unavunjika mara tu kinapoingia kitu ambacho hakikupimwa kwa kikombe chako. Yai ni la kwanza. Yai kubwa bila ganda lina gramu 50 hivi, na haliulizi kikombe chako ni kikubwa au kidogo. Pakiti ya hamira nayo, mkebe wa maziwa, nusu kilo ya siagi, vyote vinakuja na uzito wao kutoka kiwandani. Resipe ya "unga vikombe 3, mayai 4, siagi robo kilo" inachanganya lugha tatu: ujazo, idadi na uzito. Kikombe kikiwa cha 200 au cha 250, mayai yanabaki manne. Hapo ndipo keki inapozama katikati. Kama ningekuwa mhariri wa mapishi, hiyo ndiyo sentensi ambayo ningeirudisha kwa mwandishi kila mara.

Kuna pia mambo ambayo mizani haina habari nayo. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya bahari, na maji yetu yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi, sio 100 kama Mombasa. Gramu 500 za maharagwe ni zile zile kote kuwili, lakini ya Nairobi yatakula gesi zaidi. Unga nao hubadilika. Ngano moja inanyonya maji kuliko nyingine, na paketi iliyokaa wazi msimu wa mvua si sawa na iliyofunguliwa leo. Gramu hukuleta mpaka mlangoni, kisha mkono ndio unaingia. Anayekwambia ukande chapati mpaka donge liwe laini kama ndewe la sikio amekupa kipimo, na ni kipimo ambacho kila mtu anatembea nacho.

Na hata mizani ina udhaifu wake. Ile ya kidijitali ya bei nafuu, inayohesabu gramu moja moja, si ya kuaminiwa ukiweka kitu cha gramu 3. Inaweza kusema 2, inaweza kusema 4, na kwa hamira au beking pauda hiyo ni tofauti kubwa. Kwa vitu vidogo kijiko cha chai cha kipimo kilichofutwa juu kinashinda. Watu wa mizani wanaoandika "chumvi gramu 2.7" wanaandika ili waonekane, sio ili tupike.

Kwa hivyo "kiasi" ni neno la namna gani? Nadhani ni neno la watu wanaopika pamoja. Likitamkwa jikoni, mbele ya sufuria, limekamilika, kwa sababu msemaji anaonyesha kwa mkono na msikilizaji anaona. "Weka chumvi kiasi" ni sentensi yenye picha. Ukiliondoa jikoni ukaliandika, picha inabaki nyuma. Kosa halipo kwa shosho aliyelisema. Lipo kwa mjukuu aliyeliandika kama lilivyo, akaliweka kwenye simu ya mtu aliyehamia Kasarani juzi na hana wa kumuonyesha. Wengi wetu tunapika hivyo sasa, peke yetu, chumba kimoja, simu imeegemezwa kwenye mkebe wa majani chai. Resipe ndiyo shangazi tuliye naye.

Kama una shangazi wa kweli, au mama, na unataka kuhifadhi mapishi yake kwa gramu, usiguse jedwali. Na usimpe mizani mkononi na kumwambia apime, maana ataanza kupika kama mtu anayepigwa picha. Fanya hivi. Weka mkebe wake wa unga juu ya mizani kabla hajaanza, andika nambari. Mwache apike anavyopika siku zote. Akimaliza, weka mkebe tena, andika. Tofauti ndiyo "kiasi" chake. Fanya vivyo hivyo kwa sukari, kwa jagi la maji, kwa kopo la mafuta. Rudia siku nyingine, kisha nyingine. Utapata nambari tatu zisizolingana, na uziandike zote, kwa sababu pengo lililo kati yao linakueleza ni wapi upishi huo unaruhusu uhuru na ni wapi haucheki na mtu. Ukiona unga unapanda na kushuka lakini hamira haibadiliki, umejifunza kitu ambacho hata yeye asingekwambia ukimuuliza.

Baada ya hapo andika. Nikiandika mahamri, ningetaka yasomeke hivi: unga wa ngano gramu 500, sukari gramu 100, hamira kavu kijiko cha chai 2, vilivyofutwa juu, iliki iliyosagwa kijiko cha chai 1, tui zito la nazi, vuguvugu, anza na mililita 250 na uweke 30 pembeni. Kanda mpaka donge liache kushika bakuli. Likipasuka pembeni ukilibonyeza, ongeza tui la akiba kidogo kidogo. Lifunike mpaka liongezeke maradufu, pwani hata saa 1 inaweza kutosha, Nairobi ya Julai inaweza kufika 2. Sukuma unene wa nusu sentimita, kata pembe, acha yapumzike tena. Mafuta yako tayari kipande kidogo kikizama na kuibuka papo hapo huku kimezungukwa na mapovu.

Hakuna kitu cha ajabu hapo. Vitu vikubwa vina gramu, kwa sababu vinabadilika kulingana na mkono. Vitu vidogo vina kijiko, kwa sababu mizani ya kawaida haiviwezi. Tui lina mwanzo na akiba, kwa sababu unga wako siujui. Na mahali ambapo nambari haiwezi kufika kuna macho na vidole. Ni maneno machache zaidi ya "tui kiasi", na yanamtosha mtu ambaye hajawahi kuona mahamri yakikandwa.

Ombi langu kwa wanaoandika mapishi kwa Kiswahili ni dogo. Ukiandika kikombe, sema mililita ngapi, na sema unachota au unamwaga kwa kijiko. Ukiandika gramu, niambie donge linafaa kuonekana vipi, ili nikikosa nijue nimekosa kabla ya mafuta kupata moto. Ukitafsiri kutoka Marekani, tafsiri na chumvi. Na ukiweka jedwali, andika juu yake ni kikombe cha wapi na unga ulichotwaje, kama wanavyofanya wale wanaotueleza pishi ya Ramadhani. Msomaji wako amenunua unga kwa pesa zake, na paketi imeshafunguliwa.